Kisa cha Dish Network: kuuza kwa simu kunalipa, ila nani anabeba mzigo wa namba iliyopigwa?

Mei 2009 mkazi mmoja wa North Carolina kule Marekani alipigiwa simu na mtu aliyetaka kumuuzia huduma ya televisheni ya setilaiti ya Dish Network. Namba yake ilikuwa kwenye rejista ya taifa ya watu wasiotaka kupigiwa simu za mauzo tangu 2003, mwaka ule ule rejista ilipofunguliwa, maana yake kisheria hakutakiwa kupigiwa kabisa. Akalalamika kwa Dish wenyewe. Simu hazikukoma, ziliendelea kuja mpaka 2011. Na aliyekuwa anapiga hata hakuwa mfanyakazi wa Dish, ilikuwa kampuni nyingine inaitwa Satellite Systems Network, SSN kwa kifupi, iliyokuwa inauza huduma za Dish kwa komisheni.

Huyu mzee baadaye akafungua kesi kwa niaba yake na ya wenzake waliopigiwa na SSN hivyohivyo. Januari 2017 baraza la wazee wa mahakama likaona simu 51,119 zilivunja sheria, na kila simu wakaipangia dola 400. Miezi michache baadaye jaji akasema Dish walijua wanachofanya na wakapuuza, akazidisha mara tatu kama sheria inavyomruhusu, ikawa dola 1,200 kwa simu moja, jumla dola milioni 61 na ushee. Dish wakakata rufaa, wakashindwa 2019, wakagonga mpaka Mahakama ya Juu, nayo Desemba mwaka huohuo ikakataa kuisikiliza.

Na hiyo ndo kesi ndogo. Kubwa ilikuwa Illinois, serikali ya Marekani pamoja na majimbo ya California, Illinois, North Carolina na Ohio waliishtaki Dish 2009 na ikachukua miaka nane kufika hukumu, Juni 2017, dola milioni 280 kwa simu zaidi ya milioni 66. Machi 2020 mahakama ya rufaa ikakubali kwamba Dish wana hatia ila ikarudisha hesabu ya malipo ipigwe upya, mwishowe Desemba 2020 pande zote zikakubaliana dola milioni 210, milioni 126 kwa serikali kuu na milioni 84 kwa majimbo.

Nakichambua hiki kisa kwa sababu kila mtu anayebishana kuhusu kuuza kwa simu, awe anaitetea au anaichukia, atakuta hoja yake humu ndani. Mimi nilivyokielewa, shida haikuwa simu. Shida ilikuwa kwamba aliyekuwa anafaidika na mauzo hakuwa anaulizwa namba zimetoka wapi, na aliyekuwa anazijua namba zimetoka wapi hakuwa na jina la kulinda.

Tuanze na kwa nini Dish walikuwa wanahitaji simu, maana watu wanaruka hapa wanakimbilia kulaumu. Televisheni ya setilaiti sio bidhaa ya kuona rafuni ukaichukua ukaondoka. Kuna mkataba, kuna fundi wa kuja kufunga dishi juu ya paa, kuna swali kama nyumba ni ya mteja au amepanga, kuna vifurushi na ofa za mwanzo ambazo bei yake inapanda baadaye, af mteja tayari ana huduma ya kampuni nyingine na anaogopa usumbufu wa kuhama. Tangazo la bango haliwezi kujibu hayo. Mtu kwenye simu anaweza, tena ndani ya dakika chache anajua kama huyu ni mteja au sio mteja, anasikia pale mteja aliposita na anajua amesita kwa sababu ya bei au kwa sababu ya mkataba mrefu, anajibu hapohapo na kupanga siku ya fundi kabla simu haijakatwa. Ukituma barua pepe huwezi kusikia mtu akisita.

Halafu kuna suala la kujifunza haraka, hili wauzaji wenyewe wanalijua sana ila watu wa nje hawalioni. Skripti, yaani maneno anayosoma mpigaji, ukiibadilisha asubuhi, jioni unajua imefanya kazi au haijafanya. Ofa mpya ukiitangaza kwa simu utasikia pingamizi zote siku ya kwanza, kwa maneno ya wateja wenyewe. Kampuni changa isiyo na maduka wala bajeti ya matangazo inaweza kuanza na watu wachache, simu na orodha nzuri ikapata wateja wake wa kwanza. Na kwenye biashara kuuziana na biashara, yaani muuzaji wa mashine anampigia meneja wa kiwanda, simu bado ni njia ya heshima kabisa kwa sababu anayepigiwa ni kazi yake kununua, namba yake ipo wazi kwa ajili hiyo, na orodha ni fupi kiasi kwamba muuzaji anasoma kwanza kuhusu kampuni kabla hajapiga.

Kwa hiyo Dish hawakuwa wajinga kutumia simu. Walitumia kwa njia mbili. Moja walipiga wenyewe na kupitia kampuni walizozikodi zipige kwa niaba yao. Ya pili ndo iliyowaponza zaidi, walikuwa na wauzaji wa nje wanaouza nchi nzima kwa simu na kuingiza oda moja kwa moja kwenye mfumo wa Dish. Muuzaji wa aina hii hahitaji duka, hahitaji stoo ya madishi, anahitaji simu, watu wa kupiga na namba. Dish anamlipa kwa wateja anaowaleta. Kwenye makaratasi huyu muuzaji ni mkandarasi huru, sio wakala wa Dish, na mkataba ulisema hivyo kwa maandishi.

Hapa ndo pa kukaa kidogo. Fikiria hesabu ya huyo muuzaji. Gharama ya kupiga simu ilishashuka sana baada ya simu kupita kwenye intaneti, na kuna mifumo inayopiga namba nyingi kwa mpigo kuliko idadi ya wafanyakazi, ikipata aliyepokea inamuunganisha na mfanyakazi aliye huru. Ndo maana wakati mwingine unapokea simu unasema halo halo hamna mtu, mfumo umepata wapokeaji wengi kuliko watu wa kuongea nao, wewe ukabaki hewani. Sheria za Marekani zinasema mtu akishapokea aunganishwe ndani ya sekunde 2 na simu za kuachwa hewani zisizidi asilimia 3, na mtu asipigiwe kabla ya saa 2 asubuhi wala baada ya saa 3 usiku. Orodha ya namba inatakiwa ilinganishwe na rejista ya wasiotaka kupigiwa angalau kila baada ya siku 31 na namba zilizomo zitolewe. Sasa huyu analipwa kwa oda tu. Kila namba anayoitoa kwenye orodha ni nafasi ya komisheni imepotea, na kila namba anayoiacha haimgharimu chochote, labda matusi ya aliyepokea, ambayo wala hayapokei yeye, yanapokelewa na kijana aliyemwajiri aliyewekewa tageti.

Huyo kijana naye nimtaje, kwa sababu kwenye hizi kesi hatajwi kabisa. Anapiga simu siku nzima kwa watu ambao hawakuomba kupigiwa, anatukanwa, anakatiwa, anapimwa kwa dakika na kwa oda, na skripti anayosoma hakuiandika yeye na orodha hakuichagua yeye. Ukimpa orodha ya watu walioomba kupigiwa, kijana yuleyule anakuwa mtu anayesaidia, sauti inabadilika, na mauzo yanapanda. Ndo maana sikubali ule usemi kwamba wauzaji wa simu ni wasumbufu kwa asili yao. Usumbufu uko kwenye orodha kabla simu haijainuliwa.

Turudi kwa SSN. Ushahidi ulionyesha Dish walikuwa na mamlaka makubwa juu yake, SSN ilitumia jina na nembo ya Dish, na Dish walikuwa na haki ya kuikagua na kuipa masharti. Malalamiko yalifika. Mwaka 2009 Dish walisaini makubaliano na wanasheria wakuu wa majimbo 46 wakiahidi kuwasimamia wauzaji wao na kuwachukulia hatua. Baada ya hapo SSN ikaendelea kupiga. Jaji wa North Carolina alichambua jinsi malalamiko yalivyoshughulikiwa akaona Dish walijali kumtuliza mlalamikaji, sio kujua kama sheria inafuatwa. Yaani mtu akilalamika, namba yake moja inawekwa pembeni, SSN inaambiwa usimpigie huyu, faili linafungwa. Hakuna aliyesema leteni orodha nzima tuione, au tuonyesheni mara ya mwisho mlipoilinganisha na rejista ni lini.

Nafikiri kampuni nyingi sana zinafanya hivi mpaka leo na hazijioni. Lalamiko linachukuliwa kama tatizo la huyo mtu mmoja. Lakini kwenye kuuza kwa simu lalamiko moja karibu siku zote ni dalili ya orodha nzima, maana namba haikuingia peke yake, iliingia na maelfu ya wenzake kutoka sehemu moja siku moja. Mlalamikaji anakupa bure taarifa ambayo ungelipa mkaguzi akutafutie. Na kitu kingine, ushahidi wa zile simu 51,119 haukutoka kwenye kumbukumbu ya watu, ulitoka kwenye rekodi za mfumo wa kupigia simu, maana mashine inaandika kila namba na saa iliyopigwa. Dish wangetaka kujua wangeweza kuomba rekodi hizo muda wowote.

Utetezi mkuu wa Dish kwenye kesi zote mbili ulikuwa kwamba wale sio sisi, ni wakandarasi huru. Mahakama ya rufaa iliyosikiliza kesi ya Illinois ilijibu kwa lugha nyepesi sana, kwamba pande mbili haziwezi kuandika kwenye mkataba wao kwamba huyu sio wakala halafu maandishi hayo yakafuta haki za mtu wa tatu, kinachoangaliwa ni uhusiano wenyewe ulivyo. Kama anauza kwa jina lako, kwa masharti yako, oda zinaingia kwenye mfumo wako, basi ni mtu wako. Mimi naona hii ndo sentensi ya thamani kuliko zote kwenye kisa hiki, na kila anayekodi kol senta angetakiwa kuisoma kabla ya kusaini.

Sasa chukua hesabu za malipo uziweke pamoja. Serikali ilipata dola milioni 210 kwa simu zaidi ya milioni 66, ukigawa haifiki hata dola 3.20 kwa simu. Wananchi kwenye kesi ya North Carolina walipangiwa dola 1,200 kwa simu. Sheria moja inamruhusu mwananchi adai mpaka dola 500 kwa simu na mpaka 1,500 kama kosa ni la makusudi, ile nyingine inaipa serikali faini ambayo ikikutana na mamilioni ya simu jaji anashindwa aanzie wapi, na ndo lilikuwa tatizo la hukumu ya kwanza ya Illinois, jaji alianzia kwenye faida ya kampuni, milioni 280 ilikuwa kama asilimia 20 ya faida ya Dish ya 2016 baada ya kodi, mahakama ya rufaa ikasema anza na madhara waliyopata watu, sio na utajiri wa mkosaji. Kisheria naielewa hoja hiyo. Lakini matokeo yake ni kwamba ukivunja sheria kwa wingi sana kila kosa linakuwa rahisi, na kwa kampuni inayopiga hesabu, dola tatu kwa simu ni gharama ya kawaida ya kupata mteja. Kilichotisha biashara nzima ni zile 1,200. Tangu hapo kampuni zinazokodi wengine wawapigie simu wateja zina sababu ya kweli ya kuuliza maswali, kwa sababu mwananchi mmoja mwenye hasira na wakili anaweza kuwaangusha.

Hasara nyingine haikuingia kwenye hukumu yoyote, nayo ni kwamba watu waliacha kupokea simu. Namba zilizo kwenye rejista ya Marekani sasa ni zaidi ya milioni 200, na hata asiyejiandikisha akiona namba ngeni anaiacha iite mpaka ikatike. Hii inamuumiza daktari anayepiga kutoa majibu ya vipimo, fundi aliyefika mlangoni, shule, na inamuumiza muuzaji mwaminifu ambaye mteja alimwomba ampigie. Imani ya watu kwenye simu inayoita ni kisima cha wote, waliokichafua walichota wakaenda zao, na gharama ya kukisafisha wanalipa waliobaki.

Kuhusu mbele kunaendaje, sidhani kuuza kwa simu kunakufa, ila ule wa kupiga namba yoyote iliyo mbele yako nadhani umefika mwisho, na unabanwa kutoka pande tatu kwa mpigo.

Upande wa kwanza ni mitandao na simu zenyewe. Tangu Juni 30, 2021 kampuni kubwa za simu Marekani zinatakiwa kuthibitisha kwamba namba inayoonekana kwenye skrini kweli ni ya anayepiga, kwa sababu ujanja wa kuonyesha namba ya uongo inayofanana na ya jirani ulishakuwa tabia. Haujamaliza tatizo, ila umefanya namba iwe na historia, ukipiga hovyo wanakupaka alama ya spamu na hata simu zako halali hazipokelewi. Simu za mkononi nazo sasa zinaweza kupokea zenyewe na kumuuliza mpigaji wewe ni nani na unataka nini kabla mwenye simu hajasumbuliwa. Mpigaji mwenye jibu zuri anapita. Asiye na jibu anakata mwenyewe.

Upande wa pili ni sheria kugeuka. Rejista ya 2003 ilijengwa juu ya wazo kwamba kila mtu anapigika mpaka aseme hapana. Ujerumani zamani tu walienda kinyume, kumpigia mlaji simu ya mauzo bila ridhaa yake ya awali ni kosa na faini inaweza kufika euro 300,000. Ufaransa nao wamepitisha sheria 2025, ikianza Agosti 11, 2026 ndo itakuwa hivyohivyo, bila ridhaa hupigi. Mimi nasimama na hao. Kumtaka mtu aliyekaa nyumbani kwake aende kujiandikisha ili asisumbuliwe ni kumpa kazi mtu ambaye hana kosa.

Lakini ridhaa nayo ina mtego wake. Kuna biashara nzima ya kukusanya ridhaa, unajaza fomu mtandaoni kulinganisha bei za bima, chini kuna maandishi madogo kwamba umekubali kupigiwa na washirika wetu, na washirika ni mamia. Tume ya mawasiliano ya Marekani ilitaka kuliziba hilo Desemba 2023, ridhaa moja kwa kampuni moja, ila Januari 2025 mahakama ya rufaa ikaifuta kanuni hiyo kabla haijaanza kufanya kazi. Kwa hiyo swali la namba hii imetoka wapi limerudi palepale kwa mnunuzi wa orodha. Ukiambiwa namba zote zina ridhaa, omba uone fomu yenyewe, tarehe, na jina la kampuni yako likiwa limeandikwa pale. Kama jina lako halipo, huyo mtu hakukubali kupigiwa na wewe.

Upande wa tatu ni sauti za akili mnemba, na hapa ndo kuna mambo. Januari 2024 wapiga kura wa New Hampshire walipokea simu yenye sauti ya kuigiza ya Rais Biden ikiwaambia wasipige kura kwenye uchaguzi wa awali. Wiki chache baadaye, Februari 8, tume ya mawasiliano ikatamka kwamba sauti ya akili mnemba ni sauti bandia kwa mujibu wa sheria ya 1991 inayobana simu za namna hii, maana yake huwezi kumpigia mtu nayo bila ridhaa yake, sawa tu na simu ya kurekodiwa. Haijapiga marufuku, imeiweka kwenye kundi ambalo tayari lina masharti.

Kwa mteja aliyeomba kupigiwa naona hizi sauti zinaweza kuwa na faida kubwa, hazichoki, zinajibu usiku, zinaongea lugha ya mteja, na zitawapunguzia wale vijana kazi ya kutukanwa. Hofu yangu ni bei. Mtu wa kupiga simu alikuwa anaweka kikomo fulani kwa sababu analipwa na ana masaa, SSN na watu wake walifika simu 51,119 zilizothibitishwa, mashine isiyolala inaweza kupita hapo haraka sana bila bosi yeyote kuinua kichwa. Na kampuni nyingi hazitaijenga mashine hiyo zenyewe, zitaikodi kwa mtoa huduma anayelipwa kwa kila miadi iliyopatikana, na mkataba utasema mtoa huduma ni mkandarasi huru. Anayekaribia kusaini mkataba wa namna hiyo leo aweke humo haki ya kuona rekodi za kila namba iliyopigwa kila wiki, uthibitisho wa kulinganisha na rejista, na kipengele kwamba lalamiko la kwanza linasimamisha orodha nzima mpaka ijulikane imetoka wapi, na komisheni ya oda iliyotokana na namba isiyo na ridhaa hailipwi.